Bodi Kwanza, Injini Baadaye: Kufufua Datsun 240Z Nyumbani

Anayenunua gari la zamani la spoti huanza kwa kufungua boneti. Huisikiliza injini, hunusa moshi wa ekzosi, huuliza kama gia zinaingia bila kukwaruza, na akiridhika hutoa fedha. Miezi inapita. Gari limesimama uani bila magurudumu, viti viko stoo, milango imeegemezwa ukutani, na kilicholikwamisha si injini hata kidogo. Ni bati.

Je, mtu mwenye ajira yake nyingine anaweza kulifufua gari la namna hiyo nyumbani kwake? Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti mawili. Kwanza, bodi iwe na uzima wa kutosha kubeba kazi itakayofanywa juu yake. Pili, mwenye gari akubali kulitengeneza kwa awamu, gari likiendelea kuwa gari muda wote. Anayelifumua lote kwa mkupuo mmoja, hata awe hodari wa spana kiasi gani, mara nyingi huishia kuliuza likiwa ndani ya maboksi. Nitalichambua jambo hili kwa kufuata gari moja, Datsun 240Z, kwa sababu matatizo yake yanajulikana vizuri na kwa sababu Afrika Mashariki ina haki ya kulizungumza.

Nissan ililizindua Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, ikaliuza nje kama Datsun 240Z. Chini ya boneti lake refu kuna injini ya L24: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393, kamshafti juu, na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU wa Kiingereza. Nchini Marekani lilitangazwa kwa dola 3,526, bei ambayo watengenezaji wa Ulaya hawakuweza kuifikia kwa gari lenye nguvu kama hizo. Kwetu lilijulikana kwa vumbi na tope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari kwa 240Z, na nyuma yao akafuata Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiwa na gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973, Safari ilipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia, Mehta alishinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström ambaye naye aliendesha Datsun.

Sifa hizo ndizo zinazopandisha bei na kumfumba macho mnunuzi. Gari la Safari lilikuwa na mafundi waliolisubiri kila kituo wakiwa na spea na mashine ya kuchomelea. Gari utakalolikuta uani kwa mtu limekaa miaka bila mafundi wa namna hiyo. Na halina mbadala wa haraka: Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo sehemu kubwa ya magari ya zamani yaliyopo nchini ni yale yaliyokuwapo tangu awali. Kila moja linalokatwa kuwa skrepa hupunguza hesabu moja kwa moja.

Tuanze basi na bodi, na tukae hapo, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi hufa.

240Z halina chesisi ya kujitegemea kama ya Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo, paa na reli mbili zilizochomelewa chini ya sakafu, vyote hushikana kubeba uzito wa takriban tani moja. Bati ni jembamba na kinga yake dhidi ya kutu ilikuwa hafifu tangu kiwandani. Kwa hiyo kutu kwenye gari hili si suala la sura. Kizingiti kilichooza ni sawa na chesisi iliyovunjika, hata kama rangi ya nje inang'aa.

Inapoanzia panajulikana. Betri hukaa kwenye trei kando ya ukuta unaotenganisha injini na abiria. Tindikali ikivuja kwa miaka, hula rangi ya trei, halafu trei yenyewe, halafu hutiririka hadi kwenye reli iliyo chini yake. Unachokiona juu ni tundu dogo; chini reli imebaki maganda. Sehemu ya pili ni mwisho wa kizingiti, mbele kidogo ya tairi la nyuma, ambako tope linalorushwa na tairi hujibana na kushika unyevu. Ya tatu iko chini ya matundu ya hewa mbele ya kioo: majani makavu huziba njia ya maji, maji hutuama, na siku ya mvua zulia la upande wa abiria hulowa bila mtu kuelewa maji yameingilia wapi. Ongeza shimo la tairi la akiba, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na sakafu yote iliyofunikwa kwa lami ya kuzuia kelele. Chini ya lami hiyo bati huoza kimya kimya, kwa sababu lami iliyopasuka huingiza maji na kuyazuia kutoka.

Historia ya makazi ya gari ina uzito kuliko idadi ya kilomita. Gari lililoishi Nyali au Upanga, likipigwa na hewa ya chumvi kila usiku, si sawa na lililoishi Nakuru. Muuzaji akikuonyesha mita ya kilomita, mwulize lilikuwa likilala mji gani.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya bei. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa laini hushika bati na kuteleza kwenye puti. Bisibisi butu ikigongwa taratibu chini ya sakafu hutoa mlio mkali penye bati zima na mlio mzito penye uozo. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mlango. Fungua mlango wa dereva, kisha uufunge polepole ukiangalia kufuli linavyokutana na kishikio chake kwenye nguzo. Mlango ukilazimika kunyanyuka ndipo ukubali kufunga, ama pini za bawaba zimelika ama bodi imeinama. Sasa weka jeki mahali pa kunyanyulia upande huohuo, pandisha kidogo, na tazama mwanya kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na ubavu wa gari. Mwanya uliokuwa sawa juu hadi chini ukianza kubana juu au kupanuka chini, kizingiti hakibebi tena kitu. Bei yoyote uliyokuwa ukiizungumza na muuzaji irudi mezani saa hiyohiyo.

Ukishalinunua, fundi bodi wa kwanza utakayemwita huenda akakwambia: “Bosi, hapa ni puti kidogo tu, halafu tunapiga rangi, linakuwa jipya.” Jibu ni moja: “Fundi, kata kwanza tuone bati zima linaanzia wapi.” Puti ina kazi yake halali, nayo ni kusawazisha bonde la milimita chache juu ya bati safi. Ikiwekwa juu ya kutu hunyonya unyevu na kuulinda, na baada ya misimu miwili ya mvua rangi huanza kuvimba. Kosa lililo ndugu yake ni kuchomelea bati jipya juu ya la zamani lililooza. Hapo umetengeneza mfuko wa maji.

Kukata na kuchomelea kuna taratibu zake ambazo hazina mkato. Pima mianya yote milango ikiwa mahali pake, iandike, kisha chomelea bomba za kushikilia uwazi wa mlango ili bodi isijikunje mara kizingiti kitakapotoka. Maliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Ile mashine ya fimbo inayotumika kuchomea mageti mtaani hutoboa bati la unene wa mm 0.8 au 1. Inayofaa ni ya waya na gesi, waya wa mm 0.6, ukichoma nukta moja, ukahamia mbali, ukarudi baadaye, ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kulikunja bati. Betri itolewe, tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali, na ndoo ya maji iwe karibu kwa ajili ya mazulia na nyaya zilizosahaulika upande wa pili wa bati. Mwishoni, ndani ya kizingiti kilichofungwa hapafikiki kwa brashi. Pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kutolea maji, na hakikisha matundu hayo hayakuzibwa na rangi mpya.

Kazi hii ya bodi ndiyo inayoamua kama mradi ni wa nyumbani au la. Trei ya betri, kipande cha sakafu, mwisho wa kizingiti: hivi vinawezekana uani. Reli zote mbili, vizingiti vyote na sakafu kwa pamoja vinahitaji fremu ya kushikilia bodi isipinde, na hapo mwenye busara atalitafuta gari jingine au atalipeleka kwa mtaalamu.

Neno “nyumbani” lenyewe halimaanishi kitu kilekile kila mahali. Uingereza au Marekani mtu hujifungia gereji yake mwenyewe kwa sababu saa ya fundi ni ghali, huku spea ikiagizwa leo na kufika kesho. Kwetu hesabu imegeuka. Fundi anapatikana, spea ndiyo inayosumbua: nauli, ushuru, na wiki za kusubiri. Kwa hiyo kufufua gari nyumbani hapa ni kazi ya watu wawili au watatu, mwenye gari akiwa msimamizi, mwandishi wa kumbukumbu na mnunuzi wa vifaa, na fundi akija siku zake.

Mpangilio huu una faida ambayo wenzetu wa huko wameipoteza. Kwenye Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, bado wapo watu wanaokereza bushi kwa kipimo, wanaokata gasketi kwa mkono kutoka kwenye karatasi yake, wanaobandika upya viatu vya breki, wanaosuka upya koili ya starta. Kitu ambacho mmiliki wa London huagiza kikiwa kwenye boksi, hapa hutengenezwa mbele ya macho yako. Udhaifu wetu uko kwenye vipimo na kumbukumbu. Bolti hukazwa kwa hisia ya mkono badala ya rinchi ya toki, na vitu vilivyofunguliwa huwekwa kwenye kopo moja. Ukiweza kuleta mambo mawili tu uani kwako, leta rinchi hiyo na kalamu ya kuandikia juu ya mifuko.

Kuhusu spea za injini, jina la gari linaogofya kuliko hali halisi. L24 ni ya familia ya injini za L, familia ileile iliyotoa injini za silinda 4 za Datsun 160J na 180B zilizojaa barabarani kwetu miaka ya 1970 na 1980. L16 ya silinda 4 ina kipenyo cha silinda cha mm 83, sawasawa na L24. Fundi aliyekulia kwenye magari hayo haikuti ngeni: mnyororo wa kamshafti, mpangilio wa valvu, tabia zake zote anazijua. Angalia tu usichanganye na Datsun 120Y, ambayo injini yake ni ya familia nyingine kabisa.

Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu, kama bawaba, vishikio na pedeli, vinasafishika kwa njia ambayo Wakenya tunaishi juu ya malighafi yake. Ziwa Magadi hutoa soda ambayo ndiyo inayohitajika. Chukua beseni la plastiki, maji, kijiko kimoja cha chakula cha magadi yaliyosafishwa kwa kila lita 4, na chaja ya betri. Kipande chenye kutu kifungwe kwenye waya hasi. Kipande cha chuma cha kawaida kisicho na thamani kifungwe kwenye waya chanya, visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu hulegea na kuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakiliwi. Mapovu yanayopanda ni haidrojeni, kwa hiyo fanya nje, mbali na moto na sigara, na zima chaja kabla ya kugusa nyaya. Chuma cha pua kisitumike upande wa chanya kwa sababu hutoa misombo ya kromu yenye sumu. Alumini isitumbukizwe kabisa, magadi huila. Springi nazo zisafishwe kwa njia nyingine, maana haidrojeni huweza kuzifanya zikatike.

Bodi ikishajulikana, awamu zinazofuata zinapaswa kuwa na mpangilio, na mpangilio ninaoutetea ni huu: kusimama kabla ya kwenda. Breki kwanza. Majimaji ya breki ya aina ya DOT 3 hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, yakishalewa maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 140, na mvuke kwenye bomba la breki ni pedeli inayozama hadi sakafuni mteremkoni. Zaidi ya hapo, maji hayo hutia kutu masta silinda na silinda za magurudumu kutoka ndani. Mipira ya breki ya mbele huvimba ndani ikazuia majimaji yasirudi, ikionekana mizima kabisa kwa nje. Badilisha mipira yote bila kujadiliana. 

Petroli inafuata. Tangi lililokaa tupu huwa na kutu ndani, na kutu hiyo husafiri hadi kwenye kabureta. Lakini kwenye 240Z kuna jambo mahususi: mipira ya kupitishia mvuke wa petroli imefichwa nyuma ya paneli za plastiki za buti, nayo ikikauka na kupasuka, harufu ya petroli hujaa ndani ya gari. Wamiliki wengi hulaumu kabureta kwa harufu hiyo. Pamoja nayo, sili ya mlango wa nyuma ikichoka, moshi wa ekzosi hufyonzwa ndani ya gari likiwa mwendoni. Mambo haya mawili yasisubiri hata siku moja, kwa kuwa la kwanza linaweza kuwaka na la pili huleta usingizi kwa dereva.

Umeme usichukue muda mrefu, ila sehemu moja inahitaji macho. Mkondo wote wa taa kubwa hupitia kwenye swichi iliyo kwenye usukani, bila rilei. Kwa miaka, viunganishi hupata joto na kisanduku cha fyuzi huyeyuka plastiki yake. Weka rilei mbili karibu na taa, zilishwe moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, swichi ya zamani ibaki kuziamuru tu. Taa zitaongezeka mwanga na hakuna waya wa kiwandani utakaokatwa.

Sasa ndipo injini. Ikiwa imekaa miaka, usikimbilie ufunguo. Toa plagi zote, tia mafuta kidogo ndani ya kila silinda, ziache zilowe, kisha zungusha krankshafti kwa spana, kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini, badilisha mafuta na filta, zungusha kwa starta plagi zikiwa nje mpaka presha ya mafuta ipande, ndipo uzirudishe plagi na kuiwasha injini. Presha ya kila silinda ipimwe injini ikiwa ya moto. Kinachotafutwa hapo ni usawa kati ya silinda 6 kuliko ukubwa wa namba yenyewe. Moja ikipungua sana, tia mafuta kidogo na upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipobadilika, tazama valvu. Nafasi ya valvu kwenye L24 ikiwa ya moto ni mm 0.25 kwa zinazoingiza na mm 0.30 kwa zinazotoa. Wasiwasi wa petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa katika nchi zetu tangu mwaka 2006, unawahusu zaidi wenye magari ya Kiingereza kama MGB, ambayo valvu zake hukalia chuma cha kichwa cha injini chenyewe. Kichwa cha L24 ni cha alumini, na viti vya valvu vimepachikwa vikiwa vya madini magumu zaidi.

Kabureta ndizo furaha ya gari hili, na watu wengi huzitupa kwa sababu hawakuzielewa. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda kadiri injini inavyovuta hewa. Pistoni imeshika sindano iliyochongoka, na sindano inapopanda hufungua njia ya petroli kwa kiasi kinacholingana na hewa. Basi. Hakuna pampu ya ziada wala vijitundu vingi vya kuziba. Tatizo ni kwamba pistoni huona wingi wa hewa kwa ujazo, haioni wepesi wake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Gari lililowekwa sawa Mombasa likipanda Nairobi litapata petroli nyingi kupita hewa: plagi nyeusi, mlaji mkubwa, mvivu. Lililowekwa sawa Nairobi likishuka pwani litakuwa na petroli chache, na hilo ni baya zaidi kwa sababu injini hupata moto. Anayeishi bara na kusafiri pwani mara kwa mara aliache upande wa petroli nyingi kidogo.

Kuzioanisha kabureta mbili hufanywa kwa sikio. Kwanza kaza nati ya chini ya kila moja hadi mwisho wa juu, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Washa injini ipate moto. Chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, usikilize mfoko wa hewa. Hamia ya nyuma. Rekebisha skrubu ya mwendo hadi mifoko iwe ya sauti moja. Halafu nyanyua pistoni ya kabureta moja kwa ncha ya bisibisi, milimita moja tu. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ukizima, ni chache. Ukipanda kidogo na kutulia, umefika. Sijui kazi nyingine kwenye gari lolote inayomfundisha mtu injini kwa haraka kama hii.

Kuna sehemu moja ambayo namshauri kila mtu asiiguse bila sababu: pini ndefu za mikono ya chini ya nyuma. Zinapita ndani ya chuma kizito cha nguzo ya springi, na kwa miaka hushikamana nacho kwa kutu. Ukizigonga kwa nyundo hupasuka kichwa na kupoteza hesi, na gari haliendi mbele wala nyuma. Bushi zikiwa bado zina uhai, ziache. Zikiwa zimekwisha, toa mkono na nguzo vikiwa pamoja, upeleke kwenye karakana yenye presi kubwa.

Uani pana hatari ambazo hazizungumzwi vya kutosha. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali, ambayo hupasuka bila onyo. Tumia stendi za chuma kwenye sakafu ngumu. Vumbi la breki za zamani, na la gasketi za zamani, huweza kuwa na asbesto: lioshwe kwa maji, lisipulizwe kwa kompresa. Na rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishi hutoa kemikali zinazoharibu mapafu moja kwa moja, mara nyingine kwa mguso mmoja tu mkubwa. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Kama huna kofia inayopokea hewa safi kwa bomba, na huna chumba kisicho na watoto upande wa pili wa ukuta, mpelekee kazi ya rangi mwenye chumba chake. Katika hatua zote, hii ndiyo ninayoiona haistahili kufanywa nyumbani.

Linabaki swali la kiasi gani cha kurudisha. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30 na likiwa limehifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na Hati yake ya Turin, iliyofuata fikra za Hati ya Venice ya 1964 kuhusu majengo ya kale, huweka uhifadhi mbele ya ukarabati. Soko nalo linasema hivyohivyo. Januari 2020 Datsun 240Z iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000, na lililoipandisha bei lilikuwa uasilia wake na kilomita chache, si rangi mpya. Rangi ya kiwandani iliyofifia haiwezi kununuliwa tena ikishakwanguliwa. Dashibodi za 240Z hupasuka kwa jua karibu zote, na mpasuko mmoja juu ya mita ni bora kuliko kifuniko kipya cha plastiki kilichobandikwa juu yake. Majaji wa maonyesho ya magari ya kale kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, huangalia usafi wa chini ya gari kwa tochi, lakini gari la kuendesha halina sababu ya kujengwa kwa ajili ya tochi hiyo.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni L28, injini ndugu ya cc zaidi, inayoingia mahali pa L24 karibu bila kubadilisha kitu. Inatoa nguvu zaidi na inapatikana. Sipingi kuiweka, hasa kama L24 imepasuka. Ila gari la usukani wa kulia lina nambari inayoanza na HS30 iliyogongwa kwenye ukuta wa injini, na nambari ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kubadili injini ni kubadili nyaraka pia, na anayelikwepa jambo hilo humwachia mnunuzi wa baadaye mzigo. L24 iliyotoka imwagiwe mafuta ndani ya silinda, matundu yake yazibwe, ifungwe juu ya mbao mahali pakavu, na siku gari litakapouzwa iondoke pamoja nalo.